Kuapia lango lisilofunguliwa

*Shangazi, mimi ni msichana wa miaka 27, naishi Langas, Eldoret. Huu ni mwaka wa pili napeleka samansi na hati nyingine za mahakama kwa leseni yangu mwenyewe. Kazi nyingi napewa na ofisi moja ya wakili hapa mjini. Majuzi karani wa ofisi hiyo alinipa samansi ya bwana mmoja wa Elgon View. Nimekwenda mara kadhaa lakini lango halifunguliwi. Mlinzi anachungulia tu kwenye kitundu na kuniambia mkubwa hayupo. Karani anataka niape kwamba nilimkuta bwana huyo, nikampa karatasi mkononi, akakataa kutia sahihi. Anasema kila mtu hufanya hivyo, na nisipotaka wapo vijana wanaoingoja nafasi yangu. Mama naye ananisihi niache kubisha kwenye milango ya watu nitafute kazi ya ofisini. Wenzangu wanasema WhatsApp itatumaliza. Mimi nataka kuinuka katika kazi hii, ila sioni nitapandia wapi. Nifanyeje?*
*— Miguu Imechoka, Langas*

Binti yangu, usiape. Ya mama na ya WhatsApp tutayafikia, lakini hili la karani lina haraka.

Huyo karani anajua anachokifanya. Hakukwambia uandike kwamba bwana alitia sahihi, kwa sababu sahihi ya kughushi hutambulika. Amekwambia uandike kwamba alikataa, akijua Amri ya 5 ya Kanuni za Kesi za Madai za mwaka 2010 inairuhusu mahakama kukubali kuwa samansi imefika hata kama aliyepewa amegoma kutia sahihi. Kanuni hiyo iliwekwa ili mdaiwa mkaidi asiikwamishe kesi ya mwenzake kwa kukunja mikono tu. Haina nguzo nyingine ila neno la aliyeipeleka hati, yaani wewe.

Na neno lako lina uzito kuliko unavyodhani. Mwaka 1987, katika rufaa ya Shadrack arap Baiywo dhidi ya Bodi Bach, Mahakama ya Rufaa ilieleza kwamba ripoti ya mpeleka hati huchukuliwa kuwa ya kweli, na ni juu ya anayeipinga kuonyesha kwamba ina kasoro. Hebu lifikirie jambo hilo. Mwenye jumba Elgon View ndiye anayepaswa kuhangaika kuthibitisha kwamba msichana wa Langas amekosea. Ni kazi gani nyingine hapa mjini, kwa mtu wa umri wako, inayompa imani ya namna hiyo? Hiyo ndiyo mali uliyo nayo, na ndiyo karani anayotaka uiuze kwa malipo ya hati moja.

Sasa nikueleze mambo haya huishia wapi. Hukumu itatolewa bila bwana yule kusikizwa. Miezi itapita, kisha dalali wa mahakama atafika kukamata gari, na siku hiyo lango litafunguliwa upesi. Wakili wa bwana ataomba hukumu itenguliwe, na ataomba pia wewe uitwe uhojiwe chini ya kiapo, maana kanuni zinaruhusu. Maswali yenyewe ni madogomadogo. Lango lina rangi gani? Nani alikuonyesha kwamba huyo ndiye mwenyewe, maana hamkuwa mkijuana? Alisimama wapi ulipomnyooshea karatasi? Ulikuja kwa bodaboda au kwa matatu, na ulishukia wapi? Utajibu moja, utajikwaa la pili. Kisha wakili atachomoa hati yako nyingine ya kiapo, ya tarehe hiyohiyo na saa hiyohiyo, inayosema ulikuwa Burnt Forest ukimkabidhi mtu mwingine samansi, kwa sababu karani aliichapa kutoka kwa ile ya zamani akasahau kubadilisha tarehe na saa. Na huenda akatoa pasipoti ya mteja wake yenye mihuri inayoonyesha kwamba siku hiyo hakuwa nchini kabisa.

Hapo kila mtu amepoteza isipokuwa aliyeshtakiwa. Mwaka 2016, katika kesi ya James Kanyiita Nderitu na Marios Philotas Ghikas, Mahakama ya Rufaa ilieleza kwamba hukumu iliyopatikana bila samansi kufikishwa ipasavyo huondolewa kwa haki ya mdaiwa, wala hahitaji kumbembeleza jaji. Mteja wa wakili wako anarudi mwanzo baada ya kulipa gharama zote. Wewe una kiapo cha uongo, na Kanuni ya Adhabu inaweka kifungo cha hadi miaka 7 kwa kosa hilo. Sheria hiyo inamshika pia anayemshawishi mwenzake aape uongo, lakini karani hana karatasi yenye jina lake. Jina lililopo ni lako.

Nisikufiche, kuna watu wanaoapia hati wakiwa mezani kwenye kibanda cha chai, na wengine wameifanya kazi hiyo miaka mingi bila kuulizwa. Karani hakudanganya katika hilo. Lakini kila mmoja wao anategemea ofisi moja, na ofisi hiyo ikimchoka hana pa kwenda.

Na usikubali mtu akuambie kwamba kufikisha karatasi ni jambo la mtumwa wa ofisi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 1997, Mwai Kibaki alikwenda mahakamani kupinga ushindi wa Daniel arap Moi. Hati za kesi hazikukabidhiwa Moi mkononi, bali tangazo lilichapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Mahakama Kuu ikaitupa kesi, na Desemba 1999 Mahakama ya Rufaa ikaafiki kwamba sheria ya wakati ule ilitaka apewe yeye binafsi. Kesi ya kiti cha urais wa nchi nzima ilianguka mlangoni, kura zenyewe hazijaguswa. Leo Katiba ya 2010, katika kifungu cha 87, inaruhusu hati za kesi za uchaguzi zitangazwe katika gazeti linalosomwa kote nchini. Mama akikuuliza tena kazi yako ni ya maana gani, msimulie hiyo. Anawakumbuka wote wawili.

Kwa hiyo utamwambia nini karani? Usimhubirie. Mletee njia. Andika kiapo cha kweli: tarehe, saa, jina la mlinzi kama alilitaja, maneno aliyokwambia, rangi ya lango, na majirani uliowauliza. Mlinzi si jamaa wa mdaiwa anayeishi naye, kwa hiyo usijaribiwe kumwachia karatasi ukaiita kazi iliyokwisha. Kama ndani yuko mke au ndugu mtu mzima anayekaa naye, na umejaribu vya kutosha kumpata mwenyewe, huyo anaweza kupokea. Tafuta pia mahali pake pa kazi, maana wengi wa Elgon View wana duka, ofisi au shamba wanakopatikana asubuhi. Usipompata popote, kiapo chako cha kweli ndicho kinachompa wakili msingi wa kuomba ruhusa ya njia nyingine: kubandika samansi nyumbani kwake na mahakamani, au kuitangaza gazetini. Wakili aliye makini atakushukuru kwa kiapo hicho. Na mpelekee yeye mwenyewe mkononi, usipitishie kwa karani. Huenda wakili hana habari ya mchezo huu. Huenda anayo. Utajua kwa uso wake, na ukijua utajua pia kama uendelee kupokea kazi katika ofisi hiyo.

Jambo jingine la kumuuliza wakili: mteja wake ana namba ya simu ya huyu bwana? Hapa ndipo WhatsApp inaingia, nayo si adui uliyeogopeshwa. Mabadiliko ya kanuni ya mwaka 2020 yaliruhusu samansi kutumwa kwa kampuni za kusafirisha vifurushi, kwa barua pepe, na kwa programu za ujumbe za simu kwenye namba ambayo mdaiwa anajulikana kuitumia. Lakini anayetuma ni mtu aliyeidhinishwa kupeleka hati, na bado lazima aape na kuambatisha uthibitisho kwamba ujumbe ulifika. Tangu Machi 2024 mahakama zote nchini zinafungua kesi kwa mtandao, kwa hiyo hati zitazidi kwenda kwa simu. Wenzako wanaoogopa ni wale ambao ujuzi wao wote ulikuwa miguu. Wewe jifunze kuandika kiapo cha ujumbe wa simu kisicho na tundu: namba umeipata wapi, nani amethibitisha ni yake, imetumwa saa ngapi, picha ya skrini inaonyesha nini. Namba iliyofungwa au iliyohamia kwa mtu mwingine itatengua hukumu vilevile kama lango lisilofunguliwa.

Ukishapata mkono wa kuandika, ngazi utaiona. Angalia mji uliomo. Eldoret, iliyopewa hadhi ya jiji Agosti 2024, ina Mahakama Kuu, Mahakama ya Mazingira na Ardhi, mahakama ya mahakimu, ya Kadhi, na ya Madai Madogo. Hii ya mwisho ningeikazia macho kama ningekuwa wewe. Inasikiza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na sheria inataka kesi imalizike katika siku 60. Wakili mwenye siku 60 hana muda wa mpeleka hati anayezurura wiki tatu. Atamtafuta anayepeleka Jumatatu na kuleta kiapo Jumanne.

Kisha kuna hati ambazo wengi huzikosea, na anayezijua huitwa yeye. Samansi ya kampuni haiachwi kwa msichana wa mapokezi. Inamtaka katibu wa kampuni, mkurugenzi au afisa mkuu. Ya mfungwa hupitia kwa mkuu wa gereza, na ya askari wa Moi Barracks kwa kamanda wake. Halafu wapo wanariadha wetu, ambao katikati ya msimu hukuti nyumbani mtu ila mbwa. Anayefanya mazoezi Kaptagat au Iten utampata kambini, mradi uyajue masaa yake. Aliye ng'ambo ni jambo la kuombewa ruhusa ya mahakama kwanza, na ukimwambia wakili hivyo mapema umemwokolea miezi. Kesi za ardhi nazo zitakupeleka Turbo, Moiben, Ziwa. Huko pita kwanza kwa mzee wa kijiji. Atakuonyesha mtu mwenyewe, jina lake litaingia kwenye kiapo kama aliyemtambulisha, na hutakuwa msichana peke yake katika boma la mtu aliyekasirika. Usiingie ndani ya nyumba hata ukikaribishwa chai. Mtumie mwenzako mmoja ujumbe kila unapofika na kila unapotoka.

Nunua daftari gumu, moja, la kazi hii pekee. Andika palepale, kabla bodaboda haijaondoka. Kesi hulala, na unaweza kuulizwa habari za lango hilo miaka mitatu baadaye.

Kuhusu vijana wanaoingoja nafasi yako: ofisi yenye kazi yako yote ndiyo yenye shingo yako. Wiki hii zungukia ofisi nyingine za mawakili ukiwa na nakala mbili tatu za viapo vyako bora, umeyafuta majina ya wahusika. Wachache watazisoma; wale watakaozisoma ndio unaowataka. Dai nauli kabla ya safari ndefu. Ukiwa na ofisi nne zinazokuita, ndipo fikiria cheti cha sheria au usaidizi wa wakili kama utakitaka. Udalali wa mahakama una sheria yake ya mwaka 1996 na leseni yake tofauti, na kwa maoni yangu usiukimbilie. Mambo yake ni mazito kuliko yanavyoonekana kwa nje.

Na hiyo leseni yako ni ya mwaka mmoja. Ihuishe mapema, uhakikishe jina lako limo katika orodha ya Idara ya Mahakama, kisha weka nakala ndani ya lile daftari, maana swali la kwanza atakalokuuliza wakili wa upande wa pili ni kama siku ile ulikuwa nayo.