Injini Inayotetemeka Gari Likiwa Limesimama: Namna ya Kutafuta Chanzo

Wakazi wa Busia, Malaba na Mutukula wanaifahamu vizuri sauti tunayoizungumzia katika somo hili. Gari la zamani limesimama katika foleni ya mpakani, injini inawaka lakini inatetemeka, inashuka kana kwamba inataka kuzimika, na dereva anaikanyagia mafuta ili isizime. Mafundi husema gari limekosa sailensi, au linamisi. Wengi huliona jambo hili kuwa kero ndogo. Sisi tunaliona kuwa suala la usalama, kwani injini ikizimika ghafla gari likiwa mteremkoni, nguvu ya ziada ya breki hutosha kukanyaga mara moja au mbili tu. Baada ya hapo pedali huwa ngumu, na usukani unaosaidiwa na pampu ya injini huwa mzito.

Kuna dawa moja inayopendwa sana kando ya barabara, nayo ni kukaza skrubu ya sailensi hadi injini ingurume kwa nguvu. Hatuishauri. Gari dogo la petroli, injini ikiwa imepata moto, kwa kawaida huzunguka kati ya mara 650 na 850 kwa dakika likiwa limesimama. Likipandishwa mbali zaidi ya hapo, mtetemo hufichwa lakini ugonjwa hubaki. Tena, gari lenye gia za kujiendesha huanza kusukuma mbele lenyewe, na dereva hulizuia kwa breki muda wote wa foleni. Mguu ukiteleza, gari huruka kuelekea kwa waenda kwa miguu, wachuuzi na bodaboda waliobanana mbele yake.

Kabla ya kufungua chochote, dereva ajiulize tatizo hutokea lini. Injini inayotetemeka asubuhi tu ikiwa baridi ina kisa tofauti na ile inayotetemeka ikishapata moto. Ile inayoshuka taa au kipoza hewa kinapowashwa hushindwa kuongeza hewa mzigo unapozidi. Katika magari yenye mfumo wa kielektroniki wa kupuliza petroli, mara nyingi chanzo ni masizi yaliyoziba mlango wa hewa wa throtoli au vali ndogo ya sailensi iliyo kando yake. Kusafisha sehemu hizo kwa dawa maalumu, injini ikiwa imezimwa, hurudisha magari mengi katika hali nzuri. Baada ya kazi hiyo sailensi inaweza kupanda na kushuka kwa muda hadi kompyuta ya gari izoee, na hilo lisimtie mtu hofu.

Hatua inayofuata haina gharama. Fungueni boneti na msikilize. Mipira midogo ya hewa ikizeeka hupasuka, injini hunyonya hewa isiyopimwa, na mlio mwembamba wa kufyonza husikika. Mkibana mpira mmoja mmoja kwa koleo na sauti ya injini ikabadilika mara moja kuwa nzuri, huenda mmepata penye tundu. Mpira mnene uendao kwenye breki utazamwe kwanza, kwa kuwa ukivuja unaharibu sailensi na breki kwa pamoja. Wapo wanaotafuta tundu kwa kunyunyiza petroli juu ya injini inayowaka. Huko ni kuchezea moto, na neno hili tunalitumia kwa maana yake halisi. Tahadhari hiyohiyo iwe kwa anayemimina petroli kwa mkono kwenye kabureta ili gari liwake.

Kisha plagi. Plagi yenye afya huwa na rangi ya kahawia hafifu. Nyeusi na kavu yenye masizi huonyesha petroli nyingi au cheche dhaifu. Iliyolowa oili huonyesha injini iliyochakaa ndani, na hapo hakuna skrubu itakayosaidia. Madereva wanaopanda hadi Kabale kwa magari ya kabureta wajue kwamba hewa ya miinuko ni nyepesi, hivyo kabureta iliyopangwa bondeni hutoa petroli iliyozidi kiasi. Kung'oa nyaya za plagi injini ikiwaka ili kubaini silinda iliyokufa ni kazi ya fundi mwenye vifaa. Umeme wake ni mkali.

Tumeacha la mwisho lile linalotuhusu zaidi sisi wa mpakani: petroli ya madumu. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa au maji hufanya injini imisi, itoe moshi na kuchafua plagi mpya kwa muda mfupi, na mwenye gari humlaumu fundi bure. Mbali na moto wowote, dondosheni tone moja kwenye karatasi nyeupe. Petroli safi hukauka upesi, ilhali mafuta ya taa huacha doa la mafuta. Maji hujitenga chini ya chupa ya kioo iliyoachwa itulie.

Gari likizima katika foleni, washeni taa za tahadhari, wekeni pembetatu nyuma, abiria washuke upande usiopitisha magari, na lisisukumwe na mtu aliyesimama kati ya gari mbili. Nayo petroli mnayoishuku msiimwage mtaroni. Kiasi cha nusu glasi katika chupa ya kioo iliyofungwa vizuri, pamoja na stakabadhi ikiwa ipo na maelezo ya mahali iliponunuliwa, kinatosha kuanzisha malalamiko katika kituo cha polisi kilicho karibu.