Oyugis: Lala Juu, Ziwa Ulitazame

Ukiwa na siku mbili tatu za kuzuru Homa Bay na Migori, fikia Oyugis, usifikie ufuoni. Nasema hivyo nikijua kwamba hakuna anayekuja upande huu kwa ajili ya Oyugis. Ni mji wa barabarani kati ya Sondu na Kisii, steji yake ina kelele kuanzia alfajiri, na hauna mandhari ya kutia kwenye kadi. Lakini usiku una ubaridi, chakula ni kwa bei ya wenyeji, viazi vitamu vya Kabondo viko karibu, na ziwa liko mbali kiasi kwamba kuingia majini inakuwa ni jambo la kuamua. Ukilala ufuoni, unajikuta umeshaloa.

Wageni kutoka Mombasa na Malindi huuliza kama ziwani kuna konyeza, wale wanyama laini wa baharini wanaowasha ngozi. Wapo. Ziwa Victoria lina konyeza wake wa maji baridi, wa jamii ileile inayoishi Tanganyika, ila ni wadogo na hawamdhuru mtu. Wa kumwogopa hapa haonekani kwa macho, na humsikii akikugusa. Ni kimelea wa kichocho.

Tofauti hiyo ndiyo inayoniudhi. Konyeza akikuchoma baharini, unapiga yowe papo hapo, kila mtu anasikia, na hoteli inalazimika kuwa na siki, mlinzi na onyo. Kichocho hukaa kimya wiki kadhaa. Homa inapokupata umesharudi Nairobi au Arusha, umeshalipa bili, na aliyekuuzia ufuo hasikii lawama yoyote. Kwa hiyo habandiki hata kibao kimoja.

Kinachosumbua zaidi katika ziwa hili ni kichocho cha tumbo. Mayai ya minyoo hutoka na kinyesi cha mgonjwa, yakifika majini yanaanguliwa, vimelea vinaingia ndani ya konokono na kuzaana humo, halafu vinatoka kwa maelfu kutafuta ngozi ya mtu. Hutoka zaidi jua likiwa kali, takriban saa nne asubuhi hadi saa tisa mchana, yaani saa zilezile mgeni anapotaka kuogelea. Dakika chache zinatosha kupenya ngozi nzima isiyo na jeraha. Kule ufuoni ukiona gugu maji limesukumwa na upepo hadi nchi kavu, geuza majani na mizizi yake kwa kijiti. Huenda ukamkuta konokono bapa, wa kahawia, mdogo kama kitufe cha koti. Usimwokote kwa mkono uliolowa maji ya ziwa ili upige picha.

Utaambiwa, “Sisi tumeoga hapa tangu utotoni na hatujafa.” Mheshimu anayekwambia hivyo, lakini usimfuate majini. Yeye pia anaumia. Watoto wa kando ya ziwa hupewa dawa shuleni kwa sababu ugonjwa upo, na uvimbe wa ini na bandama huja polepole, baada ya miaka. Kule Kisumu watafiti waliwafuatilia wanaume waliokuwa wakiosha magari huku wamesimama ziwani. Walitibiwa, wakarudi kazini, na wengi wakaambukizwa tena, ingawa miili ya baadhi yao ilijenga kinga baada ya kutibiwa mara nyingi. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2002. Mgeni wa wikendi hana kinga hiyo.

Sasa, hoteli. Nilifikia moja ya ufuoni iliyotoza ada ya kuingia “ufuo wa kuogelea”, juu ya bei ya chumba. Nilipouliza maji ya bafu yanatoka wapi, mhudumu wa mapokezi alinijibu kwa tabasamu kwamba ni ya kisima. Nyuma ya jiko kulikuwa na pampu, na bomba jeusi la plastiki likikata katikati ya mafunjo hadi ziwani. Nililifuata kwa miguu. Tangu hapo siulizi mapokezi. Namuuliza mtunza bustani, kwa sababu yeye ndiye anayewasha pampu. Na swali lenyewe si “Maji ni safi?” Uliza, “Maji hukaa ndani ya tangi siku ngapi kabla ya kufunguliwa?” Yakikaa siku mbili bila kuongezwa mengine, vimelea hivyo huwa vimekufa. Yakivutwa asubuhi na kuogwa mchana, bafu hilo halina tofauti na ziwa. Omba ndoo ya maji yaliyochemshwa. Na usijidanganye kwamba kujisugua kwa taulo baada ya kutoka majini ni kinga ya kutegemea.

Safari ya mashua jioni mimi naiona imesifiwa kupita kiasi. Bei hutajwa upya kila mgeni anaposogea, na mara nyingi mashua haifiki gatini, kwa hiyo unakunja suruali na kutembea ndani ya maji hadi magotini. Hapo ndipo unapoambukizwa, si kule kilindini. Ukiitaka sana, patana bei na sehemu ya kupandia kabla ya kutoa simu ya M-Pesa, ama nenda na gambuti zako.

Usafiri ndio utakaokumalizia subira. Matatu zinazotoka Kisumu kupitia Ahero, Katito na Sondu huwapenda abiria wa Kisii, na wa Oyugis huambiwa alipe kama anayefika mwisho. Muulize abiria jirani nauli, usimuulize makanga. Usilipe kabla gari halijaondoka, maana unaweza “kuuzwa” kwa gari jingine njiani, na huyo wa pili akudai tena. Kushuka Kendu Bay utapanda Probox, na wewe unaweza kuwa sambaza, nusu ya paja kwenye kiti na nusu hewani. Mimi hulipia viti viwili vya mbele. Bei bado ni nafuu, na unafika ukiwa na miguu inayosikia.

Huko Kendu Bay nenda Simbi Nyaima, ziwa dogo la magadi ndani ya kreta, ambalo wenyeji husimulia kwamba lilikimeza kijiji kilichomnyima kikongwe makao. Lizunguke asubuhi. Ni matembezi ya nchi kavu, na flamingo wakiwepo utawaona bila kulowa. Mwari wa Oyugis wanaosifiwa na vitabu vya zamani vya wasafiri usiwapangie siku nzima. Waulize wenye mashamba kwanza kama ndege wapo.

Siku yako ndefu ipe Thimlich Ohinga, Migori. Kuta zake zimepangwa kwa mawe matupu bila udongo wa kushikanisha, mahali pengine zimepita kimo cha watu wawili, na tangu mwaka 2018 zimo katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia. Njia ina vumbi na kipande cha mwisho ni cha bodaboda, lakini sijaona kitu upande huu kinachostahili taabu kuliko hicho.

Na kama umeshaingia ziwani, weka tarehe hiyo kwenye simu. Ukipata homa, kikohozi au vipele katika wiki chache zinazofuata, mwambie daktari waziwazi, “Niliingia Ziwa Victoria,” la sivyo utatibiwa malaria na taifodi mpaka uchoke. Hata usipoumwa, nenda ukapimwe baada ya wiki sita hadi nane. Dawa ni praziquantel, na kipimo cha kawaida ni miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, yaani vidonge vinne vya miligramu 600 kwa mtu wa kilo 60. Haiui minyoo michanga, kwa hiyo ukiimeza siku uliyotoka ziwani haitakusaidia. Wakikuandikia mapema, uliza utairudia lini. Na kama mtoto alikuwa nawe majini, mpeleke apimwe siku ileile utakayopimwa wewe.