DAWA ZINAZOLAZA WALINZI WA MWILI

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumba, somo letu la leo ni juu ya dawa zinazosaidia sana, lakini zinaomba uangalifu mkubwa.

Mwili wako una walinzi wake. Wanakaa katika damu, na kazi yao ni kupiga vita vijidudu vinavyoingia. Ni kama sentineli wa langoni: mgeni asiyejulikana hapiti. Lakini mara nyingine walinzi hao wanakosea na kuushambulia mwili wenyewe. Hapo viungo vinavimba, pumzi inabana, ngozi inawaka. Munganga anatoa dawa ya kuwatuliza.

Dawa inayojulikana zaidi ni prednizoni, pamoja na ndugu yake deksametazoni. Zote ni za jamaa ya kortizoni. Mwaka 1948, huko Marekani, mgonjwa wa baridi ya viungo alipewa kortizoni kwa mara ya kwanza, na baada ya siku chache maumivu yakapungua sana. Mwaka 1950 wavumbuzi wake walipata zawadi ya Nobel. Ni dawa nzuri. Lakini sentineli aliyelazwa hamzuii mwizi.

KWA NINI JAMBO HILI LINATUHUSU SISI?

Kwanza, kwa sababu ya vumbi. Vumbi la mawe lenye silika linaharibu mapafu, na mtu mwenye mapafu hayo anashikwa na kifua kikuu upesi kuliko wengine. Tena, vijidudu vya kifua kikuu vinaweza kulala mwilini miaka mingi bila kuonekana. Ukimeza prednizoni miligramu 15 au zaidi kila siku kwa mwezi mmoja, vinaweza kuamka.

Pili, kwa sababu ya soko. Vidonge hivi vinauzwa mezani bila karatasi ya munganga. Wengine wanavimeza ili wanenepe. Mama, elewa vizuri: uso kuwa wa mviringo na mwili kujaa si dalili ya afya. Ni maji na mafuta vinavyokusanyika kwa ajili ya dawa. Wakati huo sukari ya damu inapanda, mifupa inalegea, na walinzi wamelala. Mafuta mengi ya kung’arisha ngozi nayo yana dawa za jamaa hiyo, na zinapita katika ngozi mpaka ndani ya damu.

MAMBO YA KUFUATA

1. Sema yote kabla ya kuanza. Mwambie munganga kwamba unafanya kazi penye vumbi, na kama uliwahi kuugua kifua kikuu, au nyumbani kuna mtu anayekohoa. Kama una ugonjwa wa sukari au virusi vya UKIMWI, usifiche. Anaweza kuomba picha ya kifua kwanza.

2. Uliza juu ya minyoo. Kuna mnyoo mdogo unaoingia kwa nyayo za mtu anayetembea bila viatu juu ya udongo mchafu. Unaweza kukaa mwilini miaka mingi kimya. Walinzi wakilala, unazaana na kuenea mwili mzima, na unaweza kuua. Dawa yake ipo. Basi, bustanini na chooni vaa viatu.

3. Usidharau homa. Dawa hizi zinaficha moto wa mwili. Mwenzako akiwa na malaria anatetemeka; wewe utasikia uchovu tu. Homa hata ndogo, kikohozi cha wiki mbili, au kidonda kisichopona: nenda lopitalo siku ileile. Usingoje mwisho wa wiki. Na kila usiku lala ndani ya chandarua.

4. Chunga chakula na maji. Chemsha maji ya kunywa. Nyama na samaki viive vizuri. Osha mikono kabla ya kushika bukari.

5. Chanjo. Kabla ya kuchanjwa, sema dawa unayomeza. Chanjo ya homa ya manjano na ya surua zina vijidudu hai vilivyopunguzwa nguvu. Kwa mtu ambaye walinzi wake wamelala zinaweza kuleta ugonjwa.

6. Usiache ghafla. Hili ni kubwa. Mwili wenyewe unatengeneza kortizoni yake kila siku, juu ya figo. Ukimeza vidonge kwa zaidi ya wiki tatu, kiwanda hicho cha ndani kinapunguza kazi. Ukikata dawa siku moja, unaweza kuishiwa nguvu, kutapika na kuzimia. Fikiri jambo hilo likikupata chini ya mgodi, au juu ya mashini. Munganga atapunguza kidogo kidogo. Hata aliyenunua sokoni asiache kwa woga: aende aseme ukweli, asaidiwe kushuka.

7. Soma siku za dawa. Metotreksati, inayotolewa kwa baridi ya viungo, inamezwa mara moja kwa WIKI. Kuna watu waliokufa kwa kuimeza kila siku. Chagueni siku moja, na bibi naye aijue.

USIOGOPE BILA SABABU

Mgonjwa wa pumu anayepewa prednizoni siku tano, kisha anamaliza, hana hatari kubwa. Mwaka 2020 deksametazoni iliokoa wagonjwa wengi wa korona waliohitaji oksijeni. Lakini wale walioumwa kidogo, bila shida ya pumzi, haikuwasaidia. Ni dawa ileile. Tofauti ni nani anaimeza, kiasi gani, na siku ngapi.

Basi, ndugu, andika jina la dawa na kiasi chake katika karatasi, uitie mfukoni pamoja na kitambulisho chako. Ukianguka kazini, karatasi hiyo itasema kwa niaba yako. Na jioni ya leo angalieni pamoja vidonge vilivyomo nyumbani. Kile msichojua kimetoka wapi, msikimeze. Na kile mlichokwisha kuzoea kukimeza, kipelekeni kwa munganga.