Upeo wa Matarajio na Riwaya ya Kutisha

Hans Robert Jauss, mhakiki wa Kijerumani, alishikilia mwaka 1967 kwamba msomaji huiendea kazi ya fasihi akiwa tayari na upeo wa matarajio. Riwaya ya vijana ya Ransom Riggs, Miss Peregrine's Home for Peculiar Children (2011), yathibitisha hoja hiyo. Jaladani pana picha ya zamani ya msichana anayeelea hewani; mapema hadithini, babu yake Jacob anauawa na zimwi. Msomaji hujiandaa kutetemeka. Hata hivyo, Jacob afikapo kisiwani huko Wales, watoto wa ajabu wanageuka kuwa marafiki, na picha zilizobeba hofu zinabakia vielelezo tu vya wahusika. Baadhi ya wasomaji walivunjika moyo.

Je, kuvunja matarajio ni kasoro? La hasha. Katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), Muhammed Said Abdulla anaahidi mzimu, kisha Bwana Msa analeta mantiki. Lakini fumbo linafumbuliwa na msomaji anafidiwa. Kwa hiyo, mhakiki asiishie kulalamika kwamba hakuogopa. Aonyeshe ahadi iliyotolewa, mahali ilipovunjwa, na fidia iliyotolewa, ikiwa ipo.