Nahodha amenenepa, tumfungishe?

Shikamoo daktari. Mwaka jana tulimwokota paka dume pale Feri, soko la samaki, mbavu zikihesabika na sikio limechanika. Tukampa jina la Nahodha, akachanjwa, akahasiwa. Siku ya kuhasiwa alikuwa na kilo 4.2. Sasa ana kilo 7, tumbo linaburura! Anakula wali, vichwa vya samaki, chakula cha pakiti na maziwa, na bado alfajiri anatuamsha kwa makelele. Mama mkwe anasema mnyama akilia asinyimwe. Mume wangu anataka tumfungishe siku tatu, au tumrudishe Feri wiki moja apungue. Nani yuko sahihi?
Mama Zuhura, Kigamboni

Marahaba, Mama Zuhura. Hapo hakuna aliye sahihi, ila kosa la mumeo ndilo linaloweza kuua, kwa hiyo nianze nalo.

Paka mnene akikaa siku mbili au tatu bila kula, mwili wake huanza kuyatoa mafuta yaliyohifadhiwa na kuyamwaga kwenye ini kwa kasi ambayo ini haliwezi kuimudu. Ini linajaa mafuta, macho na fizi vinageuka manjano, hamu ya kula inapotea kabisa, na bila matibabu ya haraka paka anakufa. Na kadiri alivyonenepa ndivyo hatari inavyozidi. Kumrudisha Feri nako ni kufunga kwa jina jingine: paka aliyekaa mwaka mzima kwenye mkeka hana tena ubavu wa kugombania matumbo ya samaki na madume ya pale, na majeraha ya meno ya paka hueneza maradhi mabaya.

Kabla hujapunguza hata punje moja, mpeleke kwa daktari wa mifugo akamshike. Tumbo kubwa si mafuta kila mara; linaweza kuwa minyoo, au maji yaliyojaa kwa sababu ya ugonjwa. Nyumbani jaribu hivi: pitisha vidole ubavuni bila kubonyeza. Mbavu zinatakiwa kusikika chini ya ngozi. Ukizitafuta usizione, na ukimtazama kutoka juu huoni kiuno, basi ni unene. Ile ngozi inayoning'inia mbele ya miguu ya nyuma isikutishe, paka wengi wanayo hata wakiwa wembamba.

Mmefikaje kilo 7? Kuhasiwa kunachangia: paka aliyehasiwa anahitaji chakula pungufu, mara nyingi kwa robo hivi, huku hamu ya kula ikiongezeka. Halafu huyu alilala na njaa sokoni, akajifunza kula kila kinachoonekana kabla hakijanyakuliwa. Lakini mkosaji mkuu, ukiniruhusu, ni watu wa nyumba yenu. Wewe unampa asubuhi, watoto wanampa wakirudi shule, mama mkwe anampa akiwa mezani, na sina shaka mumeo naye humega kipande cha samaki asipoonekana. Kila mmoja anaamini ametoa kidogo tu.

Kwa hiyo tafuteni kopo lenye mfuniko. Kila asubuhi mnatia humo posho ya siku nzima, na yeyote anayetaka kumpa Nahodha anachota humo. Kopo likiisha, siku imeisha. Na kopo hilo akabidhiwe mama mkwe. Usimwambie asimlishe paka. Hatakusikia, na mtagombana bure. Mwambie daktari amemteua yeye kuwa mtunza chakula. Nimewaona akina mama wa umri wake wakipewa kazi hiyo, wakawa wakali kuliko mimi.

Kiasi gani? Kama kilo 4.5 ndiyo shabaha, na daktari wako akikubali, gramu 50 hivi za chakula kikavu cha pakiti kwa siku zinatosha, zigawanywe mara nne au tano. Ni kidogo kuliko kikombe cha chai, najua. Msishuke hapo kwa siku moja; punguzeni taratibu kwa wiki mbili. Chakula cha kopo kina maji mengi na kinajaza tumbo vizuri zaidi, ila bei yake mnaijua.

Mkipika wenyewe, paka ni mla nyama halisi. Wali na ugali vinamwongezea unene bila kumpa anachohitaji. Mwili wake unahitaji taurini, ambayo hupatikana kwenye nyama na samaki. Ikikosekana, moyo hulegea na macho hupofuka. Mioyo ya kuku ina taurini nyingi, na si ghali. Chemsheni kwa maji machache na mumpe na maji yake, maana taurini huyeyukia humo. Maini yawe mara mojamoja tu. Samaki apikwe, kwani baadhi ya samaki wabichi, hasa wadogo wa jamii ya dagaa, wana kitu kinachoharibu vitamini B1. Mchuzi wetu wenye vitunguu maji na saumu usimguse, unaharibu damu yake. Hata hivyo, chakula cha nyumbani peke yake kwa miezi huwa na mapengo, hasa ya kalisi, kwa hiyo cha pakiti kibaki kuwa msingi. Maziwa acheni kabisa, paka wengi wakubwa hayawakubali, maji yatosha.

Kuhusu kelele za alfajiri: mkiamka mkampa, mmemfundisha kulia. Sehemu moja ya posho iwekwe usiku mnapokwenda kulala, na asubuhi asipewe chochote hadi watu wamalize shughuli zao. Wiki ya kwanza atalia zaidi. Vumilieni, na waombeni radhi majirani.

Mpimeni kila Ijumaa. Mizani ya bafuni haitaona tofauti ndogo, kwa hiyo mtieni kwenye kikapu cha ukili mkining'inize kwenye mizani ya kupimia mizigo, kisha mtoe uzito wa kikapu. Gramu 70 kwa wiki ni mwendo mzuri, maana yake kazi hii ni ya miezi minane hivi. Akipungua zaidi ya gramu 140 kwa wiki, mwongezeeni chakula. Akikataa kula siku nzima, msingoje ya pili, mpelekeni kwa daktari.

Na mwezi ukiisha mizani haijasogea, msipunguze kopo. Kwanza ulizieni nyumba za jirani Nahodha anaitwa nani huko.