Kuipima Thamani ya Nyumba Iliyokadiriwa na Kompyuta

Mwenye nyumba nchini Marekani hahitaji kumwita mtu yeyote ili ajue nyumba yake inakadiriwa kuwa na thamani gani. Huandika anwani yake katika tovuti kama Zillow au Redfin, na papo hapo hupewa tarakimu kamili, hadi mia ya mwisho ya dola. Tarakimu hiyo haigharimu chochote, na kwa sababu hiyo hutumika kila mahali. Mnunuzi wa fedha taslimu anayebisha hodi huitaja. Ndugu wanaogawana urithi huitegemea. Wanandoa wanaoachana huiweka mbele ya mawakili wao. Somo hili lahusu namna ya kuipima kabla ya kutia sahihi kwa kuiamini.

Kompyuta haiingii ndani ya nyumba. Huchukua kumbukumbu za kaunti na taarifa za nyumba zilizouzwa jirani, kisha hupiga hesabu. Haijui kwamba jiko lilijengwa upya mwaka jana, wala kwamba msingi umepasuka. Kwa hiyo anza kwa kuusoma ukurasa wa nyumba yako neno kwa neno: idadi ya vyumba vya kulala na vya kuogea, futi za mraba, ukubwa wa kiwanja, mwaka wa kujengwa. Hasa angalia ikiwa chumba kilichoongezwa baadaye, au ghorofa ya chini ya ardhi iliyokamilishwa, kimehesabiwa. Zillow humruhusu mwenye nyumba kuthibitisha umiliki wake na kusahihisha taarifa hizo. Ikiwa kosa limo katika daftari la kaunti lenyewe, husahihishwa katika ofisi ya kaunti. Lakini kumbuka kwamba futi za mraba zikiongezeka huko, kodi ya nyumba nayo yaweza kupanda.

Baada ya hapo, tafuta kiwango cha makosa ambacho kampuni yenyewe imekitangaza, kisha ukisome kwa uangalifu. Zillow hueleza kwamba kosa la katikati la makadirio yake ni karibu asilimia 2 kwa nyumba zilizo sokoni, na karibu asilimia 7 kwa nyumba zisizo sokoni. Wengi hudhani maana yake ni kwamba tarakimu haiwezi kukosea zaidi ya asilimia 7. Sivyo. Makosa yote yakipangwa kuanzia dogo hadi kubwa, la asilimia 7 ndilo linaloangukia katikati; nusu ya nyumba zina kosa kubwa kuliko hilo. Kwa nyumba ya dola 300,000, asilimia 7 ni dola 21,000, na nusu ya wenye nyumba za namna hiyo wamekadiriwa vibaya kuliko hapo, ama juu ama chini. Mwaka 2016 Spencer Rascoff, aliyekuwa mkurugenzi mkuu wa Zillow, aliuza nyumba yake mjini Seattle kwa dola milioni 1.05. Siku iliyofuata, tovuti ya kampuni yake mwenyewe ilikuwa ikionyesha takribani dola milioni 1.75.

Mbona basi kosa ni dogo sana kwa nyumba zilizo sokoni? Kwa sababu muuzaji amekwisha kutaja bei, na kompyuta huitia bei hiyo katika hesabu yake. Jambo hili ladhuru wanunuzi kuliko wanavyotambua. Mnunuzi huona bei ya muuzaji, huona makadirio yaliyo karibu nayo, akaridhika kwamba bei ni ya haki, ilhali mashahidi hao wawili ni mmoja. Afadhali atazame historia ya makadirio katika ukurasa huohuo, aone yalikuwa kiasi gani kabla nyumba haijatangazwa.

Historia hiyo ndiyo pia kipimo bora kwa mtaa wako. Chagua nyumba kumi zilizouzwa karibu nawe katika miezi sita iliyopita, zinazofanana na yako. Kwa kila moja andika makadirio yaliyokuwapo kabla haijatangazwa, na bei iliyouzwa. Usiandike makadirio ya leo, kwa kuwa kompyuta ikishaijua bei ya mauzo huisogelea, na kipimo chako kitakuwa bure. Toa moja katika nyingine, kisha gawanya tofauti kwa bei ya mauzo. Nyumba iliyokadiriwa dola 308,000 ikauzwa 280,000 ina kosa la asilimia 10. Ukimaliza, usitazame ukubwa wa makosa peke yake. Tazama pia upande. Yakielekea juu karibu yote, una sababu ya kuishuku tarakimu ya nyumba yako kuwa imezidi. Yakitawanyika huku na huku, tarakimu hiyo haifai hata kuanzia mazungumzo ya bei.

Wakazi wa Texas watapata ugumu hapa. Sheria za jimbo hilo hazilazimishi bei ya mauzo kuandikwa katika kumbukumbu za umma, na majimbo mengine kadhaa yako hivyohivyo. Kompyuta nayo hukosa taarifa hizo, au huzipata kwa njia za pembeni. Huko ni vema kumwomba wakala wa nyumba mwenye leseni orodha ya mauzo ya karibuni, au kumlipa mthamini mwenye leseni. Gharama yake ni dola mia kadhaa, fedha kidogo ukilinganisha na kuuza kwa hasara ya elfu ishirini.

Mambo hubadilika tarakimu inapotumiwa na mkopeshaji. Tangu tarehe 1 Oktoba 2025, kanuni ya serikali kuu huwataka wakopeshaji wanaotumia makadirio ya kompyuta katika mikopo ya nyumba kuhakikisha kwamba makadirio hayo yanaaminika, kuyajaribu kwa sampuli, na kutii sheria zinazokataza ubaguzi. Tovuti unayoifungua kwa udadisi haifungwi na kanuni hiyo. Aidha, ukiomba mkopo wenye dhamana ya kwanza juu ya nyumba, sheria ya haki sawa katika mikopo hukupa nakala ya kila thamani iliyoandikwa, iwe ya mthamini au ya kompyuta, bila kuilipia nakala hiyo, hata kama ombi lako limekataliwa. Idai. Ukiona kosa, mwulize mkopeshaji utaratibu wake wa kuomba thamani iangaliwe upya, umwandikie barua, na kuambatanisha masahihisho ya kumbukumbu, picha za hali ya nyumba, stakabadhi za ukarabati, na mauzo matatu au manne ya jirani pamoja na tarehe zake. Hifadhi nakala ya barua hiyo na tarehe uliyoituma.