Delta: neno lenye mlango ndani yake



Pale stendi ya Kibiti mtu akisema "naenda Delta," hakuna anayemuuliza ni wapi. Ni kule kwenye mikoko, mto Rufiji unapogawanyika kuingia baharini. Lakini Waingereza neno hilohilo wanalitumia kwa mambo mengi. Kwenye hesabu ni alama Δ, yaani badiliko. Rubani akitaja herufi D redioni, anasema delta. Na mwaka 2021 tulilisikia kwa hofu, aina mpya za virusi vya korona zilipopewa majina ya herufi za Kigiriki.

Kiingereza kililipata kwa Wagiriki. Delta ni herufi yao ya nne, na kwa kuwa ina pembe tatu, waliiita hivyo nchi ya pembetatu iliyo mwishoni mwa mto Nile. Ila Wagiriki nao waliazima herufi kwa Wafoinike. Kwao, kama kwa Waebrania, herufi ya nne iliitwa daleth, yaani mlango. Jamani, mlango! Na sisi, bila kumuuliza Mgiriki, tunasema "mlango wa mto".

Sasa fungua Zaburi 119. Imepangwa kwa herufi 22 za Kiebrania, mistari minane kila herufi. Ya daleth ni mstari wa 25 hadi 32, na kwa Kiebrania mitano kati ya hiyo inaanza na neno lenye maana ya njia. Mwimbaji anaanza akiwa mavumbini, anamaliza akikimbia.

Yesu naye, Yohana 10, anajiita mlango, na kondoo wake wanaingia na kutoka. Hilo la kutoka huwa tunalipita haraka. Delta inalionyesha vizuri: kamba wachanga huingia mikokoni wakakua, kisha hurudi baharini kuzaa. Wangebaki ndani, kizazi kingekatika.

Lakini simpendi sana anayehubiri mlango kama faraja tupu. Mlango huohuo wa Rufiji huingiza maji ya chumvi kwenye mashamba ya mpunga mto ukipungua. Na Aprili 2024 mafuriko yaliposhuka kutoka juu, watu wa Rufiji na Kibiti walipoteza nyumba na mazao. Ukiisoma Yohana 10 yote, utakuta ndani yake mwizi, na utakuta pia bawabu.